Kinamasi Kikifukiwa, Nani Analipa? Historia ya Sheria za Kufidia Ardhi Oevu

Ndugu msomaji, neno letu la leo ni fidia. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili huleta picha ya fedha: mtu amegongwa na gari akalipwa fidia, familia imehamishwa kupisha barabara ikalipwa fidia. Lakini ipo fidia ya namna nyingine ambayo sheria za nchi kadhaa huidai, nayo haihesabiwi kwa noti. Ukiharibu ardhi oevu ili ujenge kiwanda, mtaa au barabara, sheria inaweza kukutaka uhuishe au utengeneze ardhi oevu nyingine kwa badali ya ile uliyoiangamiza. Makala haya yanaeleza wazo hilo lilikotoka, jinsi lilivyoingia katika sheria za Uganda, na kwa nini raia anapaswa kulichunguza kabla ya kulipokea.

Tuanze na maana. Ardhi oevu ni ardhi inayokaa na maji mwaka mzima au kwa msimu, kiasi kwamba udongo, mimea na viumbe wake wamezoea kuishi ndani ya unyevu huo. Kiswahili kina jina la zamani zaidi, kinamasi, na wanasheria wamelichukua jina pana la ardhi oevu ili kujumuisha vinamasi, mabonde yanayofurika na kingo za maziwa. Nchini Uganda mmea unaotawala sehemu nyingi za namna hiyo ni mafunjo, yale majani marefu yenye vichwa kama mifagio. Wanyarwanda huita urufunzo. Mwanafunzi mwenye sikio zuri atatambua mara moja kwamba maneno hayo ni ndugu.

Kinamasi hufanya kazi nyingi bila mshahara. Mvua kubwa ikinyesha hupokea maji na kuyaachilia polepole, hivyo mitaa ya bondeni haifuriki kwa ghafla. Kiangazi kikija, visima vya jirani huendelea kuwa na maji. Mizizi ya mafunjo huchuja matope na uchafu. Watu huvua kambale humo, hukata mafunjo ya kusukia mikeka na kuezekea, na huchimba udongo wa kufinyangia vyungu na kufyatulia matofali.

Mfano bora ni kinamasi cha Nakivubo, jijini Kampala. Majitaka ya sehemu kubwa ya jiji hushuka kwa mfereji wa Nakivubo, hupita kinamasini, kisha huingia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo ndiyo yenye mitambo ya Ggaba, inayovuta maji ya kunywa ya jiji. Kwa maneno mengine, kati ya choo cha Kampala na bilauri ya Kampala kuna mafunjo. Utafiti uliofanywa mwaka 1999 ulikadiria kuwa huduma hiyo ya kusafisha maji ilikuwa na thamani ya kufikia dola milioni 1.75 za Kimarekani kwa mwaka.

Enzi ya kukausha

Kwa muda mrefu watawala hawakuona thamani hiyo. Kinamasi kilihesabiwa kuwa ardhi iliyolala bure, makazi ya mbu na maradhi, na aliyekikausha alisifiwa kuwa mtu wa maendeleo. Marekani iliyaandika mawazo hayo katika sheria. Kwa Sheria za Ardhi ya Vinamasi za mwaka 1849 na 1850, serikali kuu iliyakabidhi majimbo mamilioni ya ekari za vinamasi kwa matarajio kwamba yangekaushwa na kulimwa. Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Ukiacha Alaska na Hawaii, nchi hiyo ilikadiriwa kuwa na ekari milioni 221 za ardhi oevu katika miaka ya 1780; kufikia miaka ya 1980 zilibaki kama milioni 104. Zaidi ya nusu ilikuwa imetoweka.

Uganda nayo ilipita njia hiyo. Wakati wa ukoloni, mabonde ya Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, yalichimbwa mifereji ili mafunjo yapishe mazao na malisho, kwa kuwa vilima vilikuwa vimejaa watu. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya mpunga yalianzishwa katika ardhi oevu za mashariki, kama vile Kibimba na Doho. Tusiwalaumu wakulima hao kwa haraka. Mtu mwenye njaa akitazama bonde lenye rutuba na maji haoni makumbusho ya ndege, anaona chakula. Kosa la enzi ile lilikuwa la hesabu: faida ya shamba iliandikwa daftarini, lakini hasara ya kinamasi haikuandikwa popote.

Wazo la kufidia linazaliwa

Mnamo tarehe 2 Februari 1971, wajumbe wa mataifa waliokutana katika mji wa Ramsar, nchini Iran, walikubaliana juu ya mkataba wa kulinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kila nchi mwanachama huorodhesha angalau eneo moja. Ibara ya 4 ya mkataba huo ina sharti linalotuhusu: nchi ikilazimika, kwa maslahi ya dharura ya taifa, kufuta au kupunguza eneo lililoorodheshwa, inapaswa kufidia hasara hiyo kadiri iwezekanavyo, na hasa kutenga hifadhi nyingine kwa ajili ya ndege wa majini, katika eneo lilelile au kwingineko. Angalia maneno "kadiri iwezekanavyo" na "kwingineko". Maneno hayo mawili yamekuwa mlango mpana tangu siku ile.

Marekani ndiyo iliyolipeleka wazo hili mbali zaidi. Sheria yake ya maji ya mwaka 1972 ilimtaka mtu anayetaka kumwaga kifusi katika maji ya taifa, pamoja na ardhi oevu nyingi, apate kwanza kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Mwaka 1988, George H. W. Bush aliyekuwa akigombea urais aliahidi kwamba nchi haitapoteza tena ardhi oevu kwa jumla: kitakachoharibiwa hapa kitafidiwa pale. Mwaka 1990 Jeshi na Shirika la Kulinda Mazingira walitia saini makubaliano yaliyopanga hatua tatu kwa utaratibu. Kwanza, epuka kuharibu. Pili, kama haiepukiki, punguza uharibifu. Tatu, kilichobaki baada ya hapo ndicho ukifidie.

Ndugu msomaji, utaratibu huo ndio kiini cha somo. Fidia imewekwa mwisho, kama vile daktari anavyoweka upasuaji wa kukata mguu baada ya kujaribu dawa. Anayeanza na hatua ya tatu amegeuza sheria ya kulinda kuwa sheria ya kununua.

Na kweli, ununuzi ulikuja. Zilianzishwa taasisi zilizoitwa benki za ardhi oevu. Mwenye benki huhuisha eneo kubwa lililokuwa limekaushwa, hupewa alama kwa kila kipande kilichorejea katika hali nzuri, kisha huwauzia wajenzi alama hizo. Mjenzi akishanunua, wajibu wake umekwisha. Njia hii ina faida: eneo moja kubwa linalosimamiwa na wataalamu hufaulu kuliko vidimbwi mia moja vilivyochimbwa nyuma ya maduka. Mwaka 2008 kanuni mpya za Marekani ziliipa kipaumbele, zikasisitiza pia kwamba fidia itafutwe kwa kutazama bonde zima la mto.

Hata hivyo, matunda yalichanganyika na magugu. Mwaka 2001 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilichapisha ripoti iliyosema kwamba lengo la kutopoteza lilikuwa halijafikiwa. Baadhi ya fidia zilizoamriwa hazikuwahi kutekelezwa au kukamilishwa. Nyingine zilitekelezwa lakini kilichopatikana hakikufanya kazi ya kinamasi kilichopotea. Ugumu ni wa kimaumbile. Kuchimba shimo na kulijaza maji ni rahisi, lakini kupata kina sahihi, kwa majira sahihi, juu ya udongo sahihi, ni kazi ya miaka. Udongo mweusi wa mboji ulioko chini ya vinamasi vya zamani umejilimbikiza kwa maelfu ya miaka. Hakuna mkandarasi anayeweza kuuagiza.

Tatizo la pili ni la haki. Watafiti waliochunguza benki hizo katika jimbo la Florida waligundua kwamba ardhi oevu zilikuwa zikihama kutoka maeneo ya mijini yenye watu wengi kwenda mashambani kwenye watu wachache. Kwenye karatasi hesabu ililingana. Lakini mkazi wa mjini aliyekuwa akikingwa na mafuriko alibaki bila kinga, na kinamasi kipya kilimkinga mtu mwingine asiyekuwa na shida hiyo. Kisha mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba sheria ya mwaka 1972 inahusu tu ardhi oevu zilizoungana moja kwa moja, juu ya ardhi, na mito, maziwa na maji mengine yanayolindwa. Pale ambapo kibali cha serikali kuu hakihitajiki tena, fidia yake nayo haidaiwi.

Njia ya Uganda: amana

Uganda ilianza kwa njia yake yenyewe. Mwaka 1986 serikali mpya ilipiga marufuku ukaushaji mkubwa wa vinamasi. Mwaka 1988 nchi ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, na Ziwa George likawa eneo lake la kwanza katika orodha; leo maeneo hayo ni 12. Mwaka 1995 ilipitishwa sera ya taifa ya ardhi oevu, mojawapo ya sera za mwanzo za aina hiyo barani Afrika. Na mwezi Novemba 2005, wanachama wote wa Ramsar walifanya mkutano wao mkuu Kampala.

Jambo kubwa kuliko yote liliandikwa katika Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 237 inasema kwamba ardhi ni mali ya raia wa Uganda, lakini maziwa, mito, ardhi oevu, misitu ya hifadhi na mbuga hushikwa na serikali kuu au serikali za mitaa kwa amana, kwa ajili ya wananchi wote. Neno amana unalijua vyema. Jirani akikuachia mbuzi wake akiwa safarini, huwezi kumuuza mbuzi huyo kisha umwambie akirudi kwamba umemnunulia mwingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilirudia jambo hilo, ikakataza serikali kukodisha au kuhamisha umiliki wa rasilimali hizo, ingawa iliruhusu kutoa leseni na vibali vya matumizi. Kanuni za mwaka 2000 zikaeleza vibali hivyo, zikaweka pia ukanda wa ulinzi wa mita 100 kwenye kingo za mito mikubwa na mita 200 kwenye kingo za maziwa makubwa.

Sheria hizo zilipimwa mahakamani. Mtu mmoja alikuwa na hati ya kiwanja Bugolobi, Kampala, akaanza kujenga nyumba. Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilikagua ikaona kiwanja kimo ndani ya ardhi oevu, ikamwamuru arejeshe hali ya awali, hatimaye ikaibomoa nyumba. Alikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 2005 akidai kwamba haki yake ya kumiliki mali imevunjwa. Mahakama hiyo ilimkatalia, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Fundisho lililobaki ni kwamba hati ya kiwanja haimpi mtu ruhusa ya kuharibu kile ambacho kinawalinda wote, kwa kuwa Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi na salama.

Basi je, sheria kali zilitosha? Takwimu za serikali zinahuzunisha. Mwaka 1994 ardhi oevu zilifunika asilimia 15.6 ya nchi. Baada ya miaka 25 hivi zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 10. Hati za viwanja ziliendelea kutolewa mahali ambapo Katiba ilikataza, hata mwaka 2014 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba hati zilizotolewa katika ardhi oevu baada ya mwaka 1995 zifutwe. Amana ilikuwepo, lakini mshika amana alisinzia.

Fidia inaingia Uganda

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 ilileta lugha mpya. Mwendelezaji wa ardhi anatakiwa kuepuka madhara, kuyapunguza, kurejesha hali ya awali, na hatimaye kufidia madhara yaliyobaki kwa kuhifadhi au kuhuisha mazingira mahali pengine. Ngazi ni ileile tuliyoiona Marekani. Ni hatua ya maana, kwa sababu inamfanya mjenzi, badala ya umma, abebe gharama. Lakini sasa mifumo miwili imekaa chini ya paa moja: amana inayosema mali hii haibadilishwi, na fidia inayosema yaweza kubadilishwa kwa masharti. Raia wanahitaji kujua ni lini mmoja unaanza na mwingine unaishia.

Chukua kalamu tufanye hesabu ya kufikirika. Tuseme kampuni inafukia hekta 10 za Nakivubo, halafu inahuisha hekta 20 za kinamasi katika wilaya ya mbali. Kwenye ripoti, nchi imepata faida ya hekta 10. Lakini majitaka ya Kampala hayatapanda basi kwenda wilaya hiyo ili yakachujwe. Yatashuka vilevile kuelekea Ggaba, na gharama ya kuyasafisha itaonekana katika bili ya maji ya mkazi wa mjini. Kazi ya kinamasi imefungwa mahali pake.

Hii haina maana kwamba kuhuisha kinamasi ni kazi bure. Limoto, katika eneo la Pallisa mashariki mwa Uganda, ilikuwa imegeuzwa mashamba ya mpunga. Wakulima walikubali kuondoka, wakasaidiwa kupata njia nyingine za riziki kupitia mradi unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, na uoto na maji vikarudi. Mafunjo humea upesi yakipewa nafasi. Ila tazama tofauti: Limoto ilihuishwa kwa ajili ya Limoto yenyewe; haikutumiwa kulipia uharibifu wa mahali pengine.

Liko pia swali la nani anayeguswa na mkono wa sheria. Katikati ya mwaka 2024 NEMA iliwaondoa watu waliokuwa wamejenga katika kinamasi cha Lubigi, pembezoni mwa Kampala, na nyumba nyingi zilibomolewa. Kinamasi hichohicho kimepitiwa na barabara kuu ya mchepuko wa kaskazini, iliyojengwa na serikali. Waliobomolewa waliuliza kwa nini nyumba ya matofali ya kuchoma ibomolewe huku majengo ya wenye vibali yakibaki. Mtu anaweza kuunga mkono ulinzi wa Lubigi na bado akaona uzito wa swali hilo. Ikiwa fidia itakuwa ruhusa kwa mwenye fedha, na kubomolewa kuwe adhabu ya asiye nazo, sheria itapoteza heshima yake machoni pa wale ambao ushirikiano wao inauhitaji zaidi.

Maswali matatu ya raia

Tathmini ya athari kwa mazingira inapoletwa mbele ya umma, wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Ukiona ndani yake ahadi ya kufidia ardhi oevu, uliza mambo matatu.

Kwanza: je, mradi huu hauwezi kujengwa mahali pakavu? Jibu lisilo na ramani ya maeneo mbadala si jibu.

Pili: ardhi oevu ya badali iko wapi, na maji yake yanamfikia nani? Ikiwa iko nje ya bonde la maji lilelile, waliopoteza hawajafidiwa.

Tatu: nani atarudi kuikagua baada ya miaka 5 na baada ya miaka 10, na atalipwa na nani? Uzoefu wa Marekani unaonyesha kwamba ahadi huandikwa kwa wino mzuri siku ya kibali, kisha husahaulika siku ya ufunguzi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kinamasi, gharama ya ukuta inajulikana tayari: ni mifereji ya zege, mitambo ya kusafisha maji na nyumba zilizosombwa. Ufa unazibwa mapema, kabla lori la kwanza la kifusi halijamwaga mzigo wake.

Msamiati
Amana: kitu kinachotunzwa na mtu kwa niaba ya mwenyewe.
Badali: kitu kinachowekwa mahali pa kingine.
Kifusi: udongo na mawe yanayomwagwa kujaza mahali.
Kuhuisha: kurudishia uhai.
Mafunjo: mimea mirefu ya kinamasi.
Mwendelezaji wa ardhi: mtu au kampuni inayojenga au kubadili matumizi ya ardhi.

Maswali ya mjadala
1. Eleza tofauti kati ya kushika mali kwa amana na kuimiliki.
2. Kwa nini hatua ya kufidia huwekwa mwisho?
3. Taja kinamasi kimoja kilicho karibu nawe. Nani hufaidika nacho, na kikifukiwa nani atapata hasara ya kwanza? Jibu kwa aya mbili za Kiswahili sanifu.